Kuumia Ubongo: Jeraha la Kwanza na Jeraha la Pili

Somo la afya kwa watu wazima, kama lilivyosomwa redioni

Somo la leo linawahusu sana watu wa milimani, hasa ndugu zetu wa milima ya Usambara, wa Lushoto, Soni, Bumbuli, Mlalo, Lukozi na Mtae. Tutazungumza habari za mtu aliyeumia kichwa vibaya hata ubongo ukadhurika. Tutatazama ni nini kinachotokea ndani ya kichwa chake, madaktari wamejifunza nini katika miaka hamsini na kitu iliyopita, na sisi tusio madaktari tuna kazi gani.

Neno kubwa la somo hili ni moja, nalo lishikeni tangu sasa. Mtu aliyeumia ubongo hupata majeraha mawili. La kwanza hulipata pale pale anapoanguka au anapogongwa, wala hakuna daktari duniani awezaye kulifuta. La pili huja baadaye, katika dakika, saa na siku zinazofuata, na hili laweza kuzuiwa. Karibu maendeleo yote ya matibabu ya ubongo ni maendeleo ya kulizuia jeraha la pili. Na kazi ya kulizuia huanza kando ya barabara, kabla mgonjwa hajauona mlango wa hospitali.

KWA NINI JAMBO HILI NI LETU

Barabara itokayo Mombo kwenda Lushoto ina urefu wa kilomita 33 hivi. Huanzia chini kwenye nyika yenye joto, ikapanda kona juu ya kona mpaka kwenye baridi, upande mmoja ukuta wa mwamba, upande wa pili bonde. Nyakati za mvua na ukungu dereva haoni mbali. Ukipita Lushoto, njia nyingi za kwenda vijijini ni za udongo, na chombo kinachofika kila mahali ni pikipiki. Bodaboda hubeba abiria, hubeba viazi na kabichi za kwenda sokoni, hubeba hata mgonjwa. Tena wako watu wanaoanguka kutoka juu ya miti wakichuma parachichi au wakikata matawi, na watoto wanaoporomoka katika mashamba ya miteremko mikali.

Katika hospitali ya KCMC ya Moshi, ambayo hupokea wagonjwa wengi wa kaskazini ya nchi yetu, madaktari walianza mwaka 2013 kuweka daftari maalumu la watu wanaoletwa kwa kuumia ubongo. Daftari hilo lilionyesha kuwa wengi wa walioumia ni wanaume, tena vijana wenye nguvu za kufanya kazi, na kwamba sababu iliyo kubwa kuliko zote ni ajali za barabarani, pikipiki zikiwa mbele. Basi anayelala kitandani ni baba wa watoto wadogo, au kijana anayetegemewa na wazazi wake. Akifa au akilemaa, nyumba nzima huyumba.

SANDUKU LISILOPANUKA

Ubongo wa mtu mzima una uzito wa kilo moja na gramu 300 au 400 hivi. Ni kitu laini sana, nao hukaa ndani ya fuvu, umezungukwa na maji. Uzito wake ni kama sehemu 2 tu katika sehemu 100 za mwili, lakini hutumia kama sehemu 20 katika 100 za oksijeni yote tunayoivuta. Tena hauna ghala ya kuiweka. Msuli ukikosa hewa kwa muda huchoka, kisha hupata nafuu. Ubongo ukikosa hewa kwa dakika chache huanza kufa, na sehemu iliyokufa haioti tena.

Sasa fikirini sanduku la chuma lililofungwa. Ndani yake mna vitu vitatu: ubongo, damu na maji. Sanduku limejaa, wala halipanuki. Kimoja kikiongezeka, sharti kingine kipungue. Kanuni hii ilielezwa na matabibu wawili wa Uskochi, Alexander Monro mwaka 1783 na George Kellie mwaka 1824, nayo ingali msingi wa matibabu ya kichwa hata leo. Mkono ukivimba, ngozi hunyooka na uvimbe hupata nafasi. Ubongo ukivimba hauna pa kwenda. Hubanwa na mfupa, mishipa yake ya damu hubanwa vilevile, damu haipiti, na ubongo huzidi kukosa hewa na kuzidi kuvimba.

Basi jeraha la pili lina njia nne za kuingia. Ya kwanza ni kukosa hewa, kwa mfano mgonjwa akilala chali na ulimi au matapishi yakaziba koo. Ya pili ni kupungua kwa nguvu ya damu mwilini, kwa mfano akiwa anatoka damu nyingi mguuni na hakuna aliyeizuia. Ya tatu ni damu kuvuja ndani ya fuvu na kuusukuma ubongo. Ya nne ni ubongo wenyewe kuvimba. Mwaka 1993 madaktari wa Marekani walichapa habari za wagonjwa 717 walioumia vibaya kichwa. Waliona kwamba wale ambao nguvu ya damu ilishuka mno, hata mara moja tu, walikufa zaidi ya maradufu kuliko wale ambao haikushuka. Tazameni jinsi ilivyo: kitambaa kilichobana jeraha la mguu chaweza kuuokoa ubongo.

KUONA NDANI YA KICHWA

Kwa karne nyingi daktari aliweza kukisia tu yaliyomo ndani ya fuvu. Mwaka 1895 Wilhelm Röntgen, Mjerumani, aligundua mionzi ya eksirei, na watu wakaweza kuona mifupa bila kupasua. Lakini picha ya eksirei huonyesha fuvu, haionyeshi ubongo. Fuvu laweza kuwa zima na ndani damu inavuja.

Mlango ulifunguliwa na watu wawili ambao hawakuwa matabibu. Allan Cormack, mzaliwa wa Johannesburg, alikuwa mwalimu wa fizikia mjini Cape Town. Mwaka 1956 alipokuwa akifanya kazi katika hospitali ya Groote Schuur alianza kutafuta hesabu za kujua yaliyomo ndani ya mwili kwa kupitisha mionzi kutoka pande nyingi. Wa pili ni Godfrey Hounsfield, fundi wa umeme wa Uingereza, aliyefanya kazi katika kampuni ya EMI, ile iliyojulikana kwa santuri za muziki. Huyu alitengeneza mashine yenyewe, ambayo leo twaiita siti skani. Mionzi hupita kichwani kutoka kila upande, kompyuta hupiga hesabu, kisha hutoa picha ya kichwa vipande vipande, kama mkate uliokatwa. Mwaka 1979 wote wawili walipewa tuzo ya Nobel.

Mgonjwa wa kwanza alipigwa picha hiyo tarehe 1 Oktoba 1971, katika hospitali ya Atkinson Morley mjini London. Alikuwa mwanamke aliyedhaniwa kuwa na uvimbe ndani ya ubongo, na picha iliuonyesha uvimbe huo mahali pake. Tangu siku hiyo mashine imekuwa na kazi mbili kubwa. Kwa mwenye saratani, huonyesha uvimbe uko wapi, ni mkubwa kiasi gani, na kama umesambaa mahali pengine, ili madaktari wachague kati ya kisu, mionzi na dawa. Kwa aliyeumia kichwa, huonyesha kama damu imevuja, imevuja upande gani, na kama ubongo umesukumwa.

Lakini kazi hizi mbili hazina mwendo mmoja. Uvimbe wa saratani kwa kawaida umekua kwa miezi, na daktari hupata siku za kuukata kipande na kukitazama kwa darubini ili ajue ni wa namna gani. Damu iliyovuja ndani ya fuvu haina subira hiyo. Mwaka 1981 madaktari wa Richmond, katika jimbo la Virginia huko Marekani, walitoa taarifa ya wagonjwa 82 wa namna hii waliokuwa wamezimia. Waliopasuliwa na kuondolewa damu kabla ya saa 4 kupita tangu kuumia walikufa 30 katika kila 100. Waliocheleweshwa kupita saa 4 walikufa 90 katika kila 100. Tafiti za baadaye hazikupata kila mara tofauti kubwa namna ile, lakini madaktari wote hukubali kwamba damu inayousukuma ubongo sharti itolewe mapema.

Zamani siti skani zilikuwa katika hospitali chache za miji mikubwa. Katika miaka ya karibuni Serikali imezipeleka katika hospitali za rufaa za mikoa. Kwa mtu wa Lushoto, hospitali ya rufaa ya mkoa ni Bombo, mjini Tanga. Wengine hupelekwa KCMC, na upasuaji mzito wa ubongo hufanywa Dar es Salaam katika Taasisi ya Mifupa Muhimbili, MOI. Hata hivyo, kutoka milimani kila moja ya safari hizo ni ya saa nyingi. Kwa hiyo yanayofanywa kabla ya safari na njiani yana uzito sawa na mashine inayongoja mwisho wa safari.

KIPIMO KISICHOHITAJI UMEME

Mtaniuliza: mpaka afike kwenye mashine, daktari wa Lushoto au Bumbuli atajuaje kama ubongo umeumia sana? Mwaka 1974 madaktari wawili wa mji wa Glasgow, Graham Teasdale na Bryan Jennett, walitoa kipimo kisichohitaji chombo chochote ila macho, masikio na mikono. Hutazama mambo matatu. Mgonjwa anafungua macho? Hilo lina alama 1 hadi 4. Anasema maneno yenye maana? Alama 1 hadi 5. Anatikisa mikono na miguu akiambiwa? Alama 1 hadi 6. Mtu mzima wa akili zake hupata 15. Aliyezimia kabisa hupata 3. Mwenye 8 au chini yake ameumia vibaya sana.

Faida ya kipimo hiki ni kwamba hurudiwa. Aliyekuwa na 14 saa 4 asubuhi na sasa ni saa 6 ana 10, ubongo wake unabanwa, hata kama anapumua vizuri. Ndiyo sababu muuguzi huja tena na tena kumwamsha mgonjwa na kumwuliza jina lake na mahali alipo. Wengine hudhani anamsumbua. La, anapima kama jeraha la pili linaingia.

Mwaka 2012 ulichapwa utafiti uliofanywa Bolivia na Ecuador, nchi zisizo tajiri, kwa wagonjwa 324 walioumia ubongo vibaya. Nusu waliwekewa chombo ndani ya fuvu cha kupima mbano wa ubongo. Nusu ya pili waliangaliwa kwa kupimwa mara kwa mara na kwa picha. Hali za makundi haya mawili mwishoni hazikutofautiana sana. Hii haina maana kwamba chombo hakifai. Maana yake ni kwamba uangalizi wa makini una nguvu kubwa, hata mahali pasipo na vyombo vya bei kubwa.

DAWA ILIYODHURU NA DAWA ILIYOSAIDIA

Kwa miaka mingi madaktari wa nchi nyingi waliwachoma waliouumia ubongo sindano za steroidi, wakiamini kwamba hupunguza uvimbe. Ikaamuliwa kupima kwa hesabu. Wagonjwa 10,008 waligawanywa kwa kura, wengine wakapata dawa, wengine wakapata maji tu. Mwaka 2004 matokeo yakatangazwa: katika majuma mawili, waliopata dawa walikufa 21 katika 100, na waliopata maji walikufa 18 katika 100. Dawa iliyopendwa ilikuwa ikiua. Basi ikaachwa kwa wagonjwa hawa. Tuna mafunzo hapo: kuwa kitu kimezoeleka si ushahidi kwamba kinafaa. Hilo ni kweli kwa dawa za hospitali, na ni kweli kwa dawa za nyumbani.

Dawa nyingine ina habari njema kidogo. Inaitwa asidi ya tranexamiki, nayo iligunduliwa Japani na Utako Okamoto pamoja na mumewe Shosuke, wakaitangaza mwaka 1962. Husaidia damu isiendelee kuvuja. Mwaka 2019 ulitangazwa utafiti wa wagonjwa 12,737 wa nchi 29. Ilionekana kwamba dawa hii hupunguza vifo kwa wale walioumia ubongo kwa kiasi kidogo au cha kati, ikiwa wameipata kabla ya saa 3 kupita. Kwa walioumia vibaya sana, faida haikuonekana wazi. Dawa hii hutolewa na daktari kwa mshipa, haifai kununuliwa dukani. Lakini kumbukeni ile hesabu ya saa 3, kwa sababu mwenye kuitimiza au kuipoteza ni yule aliyemwokota mgonjwa.

Kuna pia upasuaji wa kuondoa kipande cha fuvu ili ubongo uliovimba upate nafasi. Mwaka 2016 ulichapwa utafiti wa wagonjwa 408 ambao mbano wa ubongo ulikuwa umeshindikana kwa njia nyingine. Baada ya miezi sita, waliopasuliwa walikuwa wamekufa 27 katika 100, na wasiopasuliwa 49 katika 100. Lakini baadhi ya waliookoka walibaki na ulemavu mkubwa, hata wengine hawakuzinduka. Kwa hiyo daktari akiwaiteni jamaa kuzungumza juu ya upasuaji huu, mwulizeni waziwazi: atapona kwa kiasi gani, na nani atamtunza? Si kosa kuuliza.

KAZI YETU KANDO YA BARABARA

Sasa tufike kwenye kazi yetu. Yashikeni mambo haya, na mwafundishe na vijana wa vituo vya bodaboda, maana wao ndio wanaofika kwanza.

1. Tazama kwanza usalama wako. Weka mtu kila upande wa kona kuyasimamisha magari.

2. Tazama kama anapumua. Ikiwa kinywani mna damu au matapishi, mgeuzeni alale ubavu ili yatoke. Watu watatu au wanne wamgeuze kwa pamoja kama gogo, mmoja akishika kichwa na shingo, vikae mstari mmoja na kiwiliwili. Shingo nayo yaweza kuwa imevunjika.

3. Zuia damu kwa kubana jeraha kwa kitambaa safi. Lakini fuvu likiwa limebonyea, usilikandamize. Funika tu.

4. Kofia ngumu ya pikipiki usiivue, ila ikimzuia kupumua.

5. Usimpe maji, chai wala chakula. Usimtie dawa puani wala kinywani. Vyaweza kuingia mapafuni.

6. Usimkalishe juu ya pikipiki kati ya watu wawili, kama wafanyavyo wanaopakia mishikaki. Kichwa hulegea, koo huziba, shingo hupinda. Afadhali kungoja gari kwa muda mfupi, au kumbeba kwa machela ya miti miwili na blanketi mpaka barabarani.

7. Tazama saa, uikumbuke. Daktari atauliza: aliumia saa ngapi, alizimia, alisema neno, alitapika?

8. Usiseme "huyu amelewa" ukamwacha alale. Mlevi na aliyeumia ubongo hufanana: wote hupepesuka, hutapika, husema ovyo. Tena mtu aweza kuwa yote mawili. Mwenye harufu ya pombe na jeraha la kichwa ahesabiwe kuwa ameumia mpaka daktari aseme vinginevyo.

Wengine huuliza: kwa nini tusimkimbize moja kwa moja Bombo, iliko mashine? Jibu ni kwamba mgonjwa aliyezimia akisafiri saa nyingi bila hewa ya kutosha atafika kwenye mashine, lakini ubongo utakuwa umekwisha. Mpelekeni kwanza hospitali iliyo karibu. Aliyeumia juu milimani apelekwe Lushoto au Bumbuli, na aliyeumia chini kwenye barabara kuu aweza kupelekwa Korogwe. Huko atasafishwa koo, atapewa oksijeni na maji ya mshipa, atapimwa, kisha atapelekwa mbele kwa gari la wagonjwa, pamoja na mtu wa kumwangalia. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ufa wa ubongo huzibwa katika hospitali ya kwanza.

ALIYERUDI NYUMBANI AKITEMBEA

Kuna hatari moja inayowadanganya wengi. Mtu huanguka, huzimia kidogo, kisha huamka, huongea na kucheka. Watu husema, Mungu ameepusha. Baada ya saa chache huanza kulalamika kichwa, hulala, wala haamki. Ndani, mshipa uliokuwa karibu na fuvu ulipasuka, na damu ikajaa polepole mpaka ikaubana ubongo. Mgonjwa wa namna hii, akipasuliwa mapema, aweza kupona kabisa. Akiachwa alale, hufa mtu ambaye angalipona.

Kwa hiyo aliyegonga kichwa kwa nguvu asilale peke yake usiku wa kwanza. Mwamsheni mara kwa mara, mwulizeni jina lake na jina la kijiji. Mrudisheni hospitali upesi mkiona mojawapo ya haya: maumivu ya kichwa yanayozidi, kutapika mara kwa mara, usingizi usio wa kawaida, maneno yasiyoeleweka, degedege, udhaifu wa mkono au mguu wa upande mmoja, mboni ya jicho moja kuwa kubwa kuliko ya pili, maji au damu kutoka puani au masikioni. Kwa maumivu, msimpe aspirini wala diklofenaki, maana huzidisha kuvuja damu. Aulize hospitali dawa inayofaa.

ASIYEZINDUKA, JE, ANASIKIA?

Mwaka 2006 Adrian Owen na wenzake huko Cambridge walimweka ndani ya mashine ya picha mwanamke aliyekuwa ameumia ubongo, ambaye kwa miezi hakuonyesha dalili ya kufahamu lolote. Walimwambia afikiri anacheza tenisi, kisha afikiri anatembea katika vyumba vya nyumba yake. Picha zikaonyesha ubongo wake ukifanya kazi vilevile kama wa mtu mzima wa afya. Mwaka 2024 ulichapwa utafiti mkubwa zaidi: katika wagonjwa 241 wasioitikia amri yoyote kwa mwili, 60 walionekana kuifuata amri kwa ubongo. Yaani mmoja katika kila wanne.

Mashine hizo hazipo katika wodi zetu za wilaya. Lakini fundisho halihitaji mashine. Ukiketi karibu na ndugu yako asiyezinduka, usiseme mbele yake kwamba huyu amekwisha, wala msigombanie shamba lake penye kitanda chake. Mwite kwa jina, mwambie habari za watoto na za mashamba. Huenda anasikia, naye hana njia ya kukuitikia.

KOFIA

Nimesema kwamba jeraha la kwanza halifutiki. Laweza kuepukwa tu. Mwaka 2008 wataalamu walikusanya tafiti nyingi za dunia na kupiga hesabu: kofia ngumu humpunguzia mwendesha pikipiki hatari ya kuumia kichwa kwa sehemu 69 katika 100, na hatari ya kufa kwa sehemu 42 katika 100. Lakini kofia iliyoning'inizwa kwenye usukani haimlindi mtu, wala ile isiyofungwa ukanda kidevuni, maana huruka kabla kichwa hakijafika chini. Na abiria ana kichwa kama cha dereva. Mama anayepanda bodaboda kwenda sokoni Lukozi ana haki ya kuuliza, "Mwanangu, kofia yangu iko wapi?" Wakiuliza abiria wengi, zitapatikana.

MASWALI YA KUZUNGUMZA KATIKA KIKUNDI

1. Jeraha la kwanza na jeraha la pili vyatofautianaje? Tajeni njia nne za kuingia jeraha la pili.

2. Kutoka kijijini kwenu mpaka hospitali iliyo karibu ni saa ngapi, mchana na usiku? Ni nani mwenye gari, na namba yake ya simu inajulikana na nani?

3. Katika kituo chenu cha bodaboda kuna kofia ngapi za abiria? Mtafanya nini zipatikane?

4. Kijana ameanguka kwenye kona, ananuka pombe, anasema maneno yasiyoeleweka. Elezeni hatua kwa hatua mtakalofanya.

Swali la pili lijibiwe leo hii, kabla kikundi hakijatawanyika, na namba hiyo iandikwe mahali wote waionapo.